Paa wa Madaba na Ndoo Zangu za Maji

Jumapili, 12 Oktoba
Sakafu ya kanisa la kale imefunuliwa yote. Ee Mola! Vijiwe vya rangi, vidogo kama punje za dengu, vimepangwa vikawa mizabibu, samaki, na paa anayegeuka kutazama nyuma. Karne ngapi chini ya udongo, na bado anashtuka! Nilisahau hata kuvuta sigara.

Alhamisi sakafu inafukiwa tena kwa mchanga ili isiharibike. Njia ya kupiga picha itakayokubaliwa hapa ndiyo itakayotumika kwenye sakafu zote zijazo. Ni yangu au ya Haifa, mpiga picha mwenzangu. Haifa ana taa, kompyuta na maringo. Mimi nina kamera moja na akili.

Jumatatu, 13 Oktoba
Haifa anataka mamia ya picha zinazopandana, kompyuta iziunge. Kisha turubai jeusi juu yake kuzuia jua, na taa moja imulike kutoka ubavuni. Dokta Nawaf, mkuu wetu, akaafiki. Nikauliza mamia ya nini, paa si mmoja? Haifa akasema, "Abu Issa, rudi kwenye harusi zako. Maharusi hawana maswali." Imeniuma.

Lakini mtoto wa Madaba, mji wetu wa sakafu za vijiwe, anajua: sakafu haisemi mpaka inyweshwe. Marehemu baba alizimwagia maji sakafu za mjini mbele ya wageni, wakapiga makofi.

Jumanne, 14 Oktoba
Walipokwenda kunywa kahawa, nikamwaga ndoo mbili. Ee Mola, ee Mola! Nyekundu ikaiva kama komamanga. Paa alipumua, naapa. Dokta alipoiona picha akauliza mbona inang'aa. Nikamwambia ni ustadi.

Jumatano, 15 Oktoba
Chumvi! Ukungu mweupe juu ya jicho la paa. Haifa alieleza kwamba maji huivuta chumvi iliyolala ardhini, nayo hubandua vijiwe. Dokta akauliza kama nilidhani hii ni bustani ya mama yangu. Sasa mimi ni mshika taa wa Haifa.

Alhamisi, 16 Oktoba
Chini ya turubai Haifa akaniambia nishushe taa. Zaidi. Zaidi, ewe mzee! Ghafla sakafu ikawa milima na mabonde, kila kijiwe na kivuli chake. Nikaiona mikono ya mafundi: mmoja mtulivu, mwingine ana haraka zake. Na shingoni mwa paa, uvimbe ambao macho yangu hayakuuona, karibu kupasuka! Wahifadhi wa sakafu wakapenyeza chokaa chini yake, akapona. Nililia. Nikasema ni vumbi. Haifa akanipa leso.

Kisha mchanga. Njia ya Haifa imekubaliwa, na ni haki.

Jumamosi, 18 Oktoba
Katika kijiji cha jirani wamefunua sakafu yenye tausi. Nimetafakari sana, kosa nimeliona. Yale yalikuwa maji ya bomba.

Nimenunua katoni tatu za maji ya chupa.