Bibi Harusi wa Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi
Kazi ya kwanza! Shangazi, fundi wa magauni ya harusi, amekubali nimtengenezee tovuti. Ofisi yangu ni kona ya duka lake, kati ya cherehani na dirisha. Binamu, ambaye naye hutengeneza tovuti na hakosi la kusema, kauliza kama nimesajili jina la biashara, kama nina leseni, kama tumeandikiana mkataba. Mkataba na shangazi yangu? Wivu umemjaa.

Jumatano, 5 Machi
Tovuti iko hewani. Mbele nimeweka bibi harusi niliyemwokota mtandaoni, gauni linaburutika mpaka nje ya picha. Shangazi hajawahi kushona gauni kama lile, ila atashona. Chini yake, namba za simu za wateja wake wote pamoja na vipimo vya viuno, watu waone jinsi anavyopendwa. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Kumbe nina kipaji kiasi hiki.

Ijumaa, 7 Machi
Bibi harusi kaja. Yule yule, kwa miguu yake! Anakaa mtaa wa pili. Nilidhani watu wa mtandaoni wanaishi mbali. Nyuma yake wateja, wenye viuno. Shangazi kawaomba radhi mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Walipoondoka hakunigombeza. Alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga pedali.

"Wanavua nguo mbele yangu kwa sababu wananiamini," alisema.

Nilikosa pa kuweka uso.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi kanipeleka kwa wakili wa ghorofa ya juu. Vitabu kutoka sakafuni hadi darini! Wakili anaongea polepole, kama mtu asiyewahi kukatizwa. Picha ina mwenyewe, aliyeipiga, na aliyemo ndani naye ana haki yake. Namba ya simu ya mtu si mali yangu, sembuse kiuno. Biashara isajiliwe, ilipe kodi. Mkataba uandikwe hata na shangazi, tena hasa na shangazi. Nilisikiliza mdomo wazi. Watu walikaa mahali wakayafikiria yote haya, mpaka mtu kama mimi wakamfikiria! Nilishuka ngazi kimyakimya, kama natoka kwenye ibada.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefuta picha. Nimefuta viuno. Nimeomba kusajili jina. Bibi harusi kakubali yaishe. Shangazi kavaa miwani, kasoma mkataba wote, katia sahihi.

Jumanne, 11 Machi
Tovuti imerudi, safi kabisa. Ilikosa kitu kimoja tu: maneno mazito ya kuonya watu wasiibe kazi za wenzao. Ningeyatoa wapi? Nimeyakuta kwenye tovuti ya wakili, mazuri mpaka mwili umenisisimka. Nimeyanakili yote, na picha ya vitabu vyake juu. Nikamtumia aone.

Nasikia anashuka ngazi, mbiombio. Mtu mzima yule, angenipongeza kwa simu tu.