Chungu cha Mama Kabula Kilivyooshwa

Jamani, leo nimefedheheka hadi masikio yamepata moto.

Mnajua nilivyokuwa naringa. Mimi, mchora vibao vya mabucha hapa Bariadi, nimepewa kazi na serikali: kuchora vyombo vya asili kwa rangi za maji kabla plastiki za soko huria hazijavimaliza. (Walioruhusu plastiki ni serikali hiyohiyo. Mimi sijasema kitu.) Leo afisa utamaduni alikuwa anakuja kukagua picha ya kwanza. Akiipenda, mkataba. Asipoipenda, narudi kuchora nyama.

Asubuhi nikaenda kijijini kwa Mama Kabula, mwenye chungu kikongwe kuliko vyote.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

Akaitikia, akanitolea jagi jipya la plastiki, jekundu. Nikakataa, nikataka chungu. Akataka kukisugua kwanza. Nikakataa tena, nikamhutubia kabisa: "Uzuri wake ni hayo masizi, mayu." Akanitazama kwa huruma, kama naumwa.

Nikachora. Masizi niliyapaka tabaka juu ya tabaka, huku najipongeza. Chini nikaandika kwa peni: Chungu cha Mama Kabula. Nikaiegemeza picha ukutani ikauke, nikaingia ndani kula.

Nikamsikia jirani yake akipita nje. "Mama Kabula, huu uchafu ndio unaupeleka serikalini na jina lako?" Nikaendelea kula. (Mlenda ulikuwa mtamu.)

Nilipotoka, gari la afisa lilikuwa linasimama uani. Mama Kabula amechuchumaa kwenye karai la maji, picha mkononi, anaipangusa kwa kitambaa.

"Mayu, unafanya nini?"

"Naosha, ng'wanawane. Changu umenikataza, basi naosha hiki chako."

Afisa akaichukua karatasi. Nyeupe, inachuruzika maji. Kilichobaki ni jina.

"Chungu kiko wapi?"

Mama Kabula akaniwahi. "Kilikuwa masizi matupu, mheshimiwa. Yametoka, na chenyewe kikaondoka nayo."

Majirani waliokuwa wamelifuata gari wakacheka hadi dereva akashikilia mlango wa gari. Mimi nilitamani kuingia kwenye karai.

Afisa hakucheka. Alikuwa na haraka, na wakubwa zake wanataka picha leoleo. "Chora chochote kilicho karibu," akaniamuru. Chungu kilikuwa kimesharudi jikoni; kilichokuwa karibu ni jagi. Nikalichora. Akalitazama, akaitikia kwa kichwa, akagonga muhuri: Chombo cha Asili.

Mkataba nimepata. Ila siku mkienda kwenye maonyesho mkakuta jagi jekundu la plastiki limetundikwa kuwa urithi wa Wasukuma, nawaomba mpite kimya kimya.