Jinsi Dobi Alivyomsoma Yona Bila Taji

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, mlio na shughuli na mnaojidai mna shughuli! Zigeuzeni simu zenu kifudifudi zisiwachungulie, mnitegee masikio, maana nina historia kubwa ya kuwasimulia: historia ya mume wangu, dobi wa madobi, Bwana wa Mvuke, Mtiisha Kola, Mnyoosha Makunyanzi, ambaye mbele ya pasi yake hakuna shati lililowahi kusimama likabisha. Mimi mkewe, mpokea nguo na mlinzi wa kaunta, niliyaona haya kwa macho yangu mawili, na wala sitatia chumvi ila pale itakapobidi.

Basi katika siku hizo mume wangu alikuwa chini ya utawala wa programu moja ya simu. Ilikuwa Biblia, siwezi kukana, maneno yote yalikuwamo. Lakini juu ya maneno hayo ilikuwa imesimikwa serikali nzima: moto mdogo uliowaka siku usomayo na kuzimika siku usiyosoma, nyota, mataji, ngoma iliyolia kila sura ilipokwisha, na orodha ya washindani ambayo ukoo mzima uliiona. Kileleni mwa orodha alikaa kaka yangu mwenyewe, dereva wa teksi, ambaye kwetu anajulikana kama Shemeji Mbio, mtu aliyewasikiliza manabii kwa kasi maradufu huku akipiga honi. Mume wangu akaapa kumng'oa kitini. Kwa mkono wa kuume akawa anasukuma pasi, na kwa gumba la kushoto anabonyeza "Nimesoma", "Nimesoma", ngoma inalia, na suruali za watu zinanyooka kwa mdundo huo. Siku aliyovikwa taji la Yona alipita kaunta kifua mbele utadhani ameteka mji.

Ndipo mimi, nikiwa nakunja shuka na bila nia yoyote mbaya, nikamuuliza, "Baba watoto, hivi yule Yona, samaki akishamtapika, kisha ikawaje?"

Jemadari akaikandamiza pasi. Mvuke ukapanda. "Kisha," akanena, "kisha si akaenda."

"Akaenda wapi?"

"Kule alikotumwa."

"Halafu?"

"Halafu mambo yakaisha vizuri. Mama nawe! Kwani hapa kituo cha polisi?"

Tukacheka wote wawili. Lakini baadaye akaisimamisha pasi wima, akabaki anaitazama. "Unajua, mke wangu," akasema, "marehemu baba alinisomesha kitabu hiki kidole chake kikiwa juu ya karatasi. Tulikuwa tunakaa na mstari mmoja mpaka chai inapoa. Leo nina mataji tele, na umeniuliza kitu kidogo tu, sina cha kukupa. Mimi sisomi tena. Nakimbia." Iliniuma kumsikia, kwa maana namjua: ile ndiyo ilikuwa raha yake pekee ambayo hakuwahi kuigombania na mtu, na sasa alikuwa ameipoteza huku watu wakimpigia makofi.

Kesho yake mchana, tulipofunga kwa chakula, mume wangu alisimama chumba cha nyuma, katikati ya makoti yaliyoning'inia ndani ya mifuko ya nailoni kama majeshi yaliyopangwa safu kwa safu, akainua simu juu na kuihutubia. "Ewe kioo kidogo chenye makelele makubwa! Umenivisha mataji mpaka kichwa kimekuwa kizito, wala ndani yake hamna kitu. Leo nimekuwekea Biblia nyingine, nyeupe kwa nyeusi, isiyo na nyota, isiyo na ngoma, isiyomjua shemeji yangu. Nitamsoma Yona toka mwanzo hata mwisho, na asijue mtu!"

"Kaa usome basi," nikamwambia. "Saa ya chakula haingojei hotuba."

Akazima data. Akaketi juu ya stuli, mgongo kwa ukuta. Nami nikatundika kibao cha "Tumefunga", nikashika lango.

Hakumaliza hata sura ya kwanza, adui akatokea. Ile programu ya zamani ilikuwa bado imejificha humo simuni, na haikuhitaji data ili kulia. Ikatoa mlio, ikachomoza juu ya kioo: saa ishirini na nne zinakwisha, moto wake unakaribia kuzimika, awahi kuuokoa! Nilimwona kwa upenyo wa pazia jinsi jasho lilivyomtoka, yeye ambaye mvuke haumtoi jasho. Ule moto alikuwa ameulea kuliko mtoto mchanga. Akaukodolea macho, kisha akausukuma pembeni kwa kidole. "Zimika salama," akasema, akarudi melini kwa Yona.

Mara mlango wa kioo ukagongwa. Alikuwa mteja wa koti, bwana mmoja mwenye sauti ya mnadani.

"Mama, koti langu!"

"Shh! Tumefunga."

"Nakuona umesimama! Kuna nini humo ndani, mgonjwa?"

"Kuna mtu anasoma."

"Anasoma nini hasa mpaka nisipewe koti?"

"Bwana mkubwa," nikanena, nikiwa nimeegemeza bega langu mlangoni, "koti lako limenyooka, limetulia, halina haraka. Liige." Akaondoka akinung'unika, lakini alinung'unika chinichini, na hilo nalihesabu kuwa ushindi wangu.

Sasa sikieni habari ya adui mkuu, aliyekuwa mkononi mwa shujaa mwenyewe. Kila sura ilipokwisha, gumba la kushoto liliteremka lenyewe hadi chini ya kioo kutafuta mahali pa kubonyeza "Nimesoma". Hapakuwa na kitu. Likapapasa huku, likapapasa kule, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wenyewe. Mara ya kwanza lilimchosha akili, ya pili akalikalia. Naam, jemadari alilikalia gumba lake mwenyewe, akashika simu kwa mkono wa kuume, akaingia Ninawi.

Nikasikia kicheko, si cha kunichekesha mimi, cha mtu aliyejisahau. "Kumbe alinuna!" akasema peke yake. "Mji mzima umesamehewa, yeye amekaa nje chini ya mtango, amenuna!" Buu lilipoutafuna ule mtango akaisogeza simu karibu na uso. Na sura ya mwisho ilipokwisha haikulia ngoma wala haikushuka nyota, akabaki palepale juu ya stuli, na nikaona macho yake yameingia maji.

Mngedhani vita imekwisha. Haikuwa. Akaiwasha data, akafungua kundi la ukoo, akaandika, nami nikisoma begani kwake: "Ndugu zangu, leo nimesoma kimyakimya bila kutafuta sifa." Akaitazama ile sentensi. Akanitazama mimi. Sikusema neno, ila nyusi zangu zilisema. Akaanza kuifuta, herufi baada ya herufi, na kila herufi ilimtoka kwa uchungu.

Hapo hapo simu ikaita. Shemeji Mbio.

"Shemeji! Moto wako umezimika, huku orodhani umeporomoka vibaya. Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Nimesoma Yona."

"Mbona haionekani?"

"Haionekani, shemeji."

Honi zikasikika, kisha sauti ya kaka yangu ikashuka, ikawa ya mtu anayeegesha gari pembeni. "Hivi shemeji… nina taji lake miye, lakini… kinaishaje kile kitabu?"

Mume wangu alikuwa na nafasi ya kummaliza, na tangu waanze kushindana hakuwahi kuipata nzuri kuliko hiyo. Alipojibu, alijibu kwa upole, kama anavyosema na nguo ya hariri.

"Kinaisha kwa swali."

"Swali gani?"

"Kasome, uulizwe mwenyewe."

Basi iandikwe hivyo, enyi wasikilizaji, na vizazi vijavyo visomewe: kwamba mchana ule, kati ya makoti ya watu, dobi mmoja alisoma kurasa chache akazielewa, na dereva mmoja akazima injini, na teksi yake ikakaa kando ya barabara muda mrefu, abiria wakipunga mikono asiwaone. Shujaa hakumtangazia mtu. Aliyetangaza ni mimi, na mimi sikuapa chochote.