Ombi la Kuhesabiwa Milo Yangu

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumatatu, 9 Juni 1952

Kwa Bwana Mkubwa wa Nyumba ya Mawakili, London

Bwana Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kwa hasira kidogo ambayo nimeikunja vizuri pamoja na karatasi hii. Barua yako imenifikia. Unasema mtu aliyesomea sheria ng'ambo hawezi kuwa wakili mpaka atimize masharti ya nyumba yenu. Nimeshangaa kuambiwa nimesomea ng'ambo. Nimesomea hapa hapa, miaka kumi na tisa nikiwa karani wa baraza, na maji niliyowahi kuvuka ni ya Kigamboni tu.

Haraka yangu inatokana na dada yangu, Margareta. Kampuni moja ya kuchoma chokaa inakitaka kishamba chake cha Msasani, ambacho marehemu baba yetu, Mzee Albano, alikifyeka kwa mikono yake na ndimo alimozikwa. Kesi ni Alhamisi. Nilimwomba hakimu nimsemee dada, akanijibu kwa upole kwamba, mbali na mwenye kesi, mbele yake husema wakili tu, na wakili ni yule aliyepitia kwenu. Sasa Margareta ni mtu wa haya. Kuku wa jirani wakimlia unga, huona aibu kuwafukuza. Nachelea tutapoteza kaburi la baba, na kwa kweli sipati usingizi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nimeuliza masharti yenu, nikaambiwa kwamba, licha ya mtihani, mwanafunzi lazima ale chakula cha jioni ukumbini kwenu mara sabini na mbili ndipo aitwe wakili. Nilidhani nataniwa, lakini karani mwenzangu Benedikto ameapa kuwa ni kweli. Basi naomba nihesabiwe milo yangu: ya harusi, ya matanga, ya maulidi kwa jirani yangu Mzee Mwinjuma, na ya Krismasi kwa Padre. Niliacha kuhesabu nilipofika mia mbili na kumi. Iliyozidi wagawieni wanafunzi wenu wenye njaa.

2. Mtasema sikuila London. Lakini mawakili wenu hula London wakaja kusemea mashamba ya Msasani. Ikiwa viazi vya kwenu vinamfundisha mtu mambo ya minazi yetu, kwa nini pilau ya Kinondoni isimfundishe mtu mambo ya London?

3. Mtasema sijui lugha. Wakili wa kampuni hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, naye amewekewa mkalimani. Nami niwekeeni. Ila wangu asiwe kama huyo, ambaye husikiliza shahidi robo saa nzima kisha akatafsiri kwamba amekataa.

4. Kuhusu zile nywele za bandia wanazovaa mawakili wenu mahakamani, nilisukiwa za katani, nikazivaa kutwa nzima juani. Homa imeshapoa. Naomba hilo lihesabiwe kuwa mtihani.

5. Mke wangu Anjelina anasema ikiwa mlaji huwa wakili, basi mpishi ni jaji. Amepika miaka ishirini na miwili. Sikupata kifungu cha kumpinga, na tangu jana hukumu zote za nyumba hii anazitoa yeye, wala hapokei rufaa.

Kwa hiyo naomba niitwe wakili kwa simu ya upepo kabla ya Alhamisi. Mtu asiye na wakili hashindi kesi. Hilo ninyi ndio mliotufundisha, nami nimelishika sana.

Wasalimie wote wa ukumbini, wazee kwa vijana, na zaidi yao wapishi.

Ni mimi, mlaji mwenye sifa kamili,
Kornelio Albano
Karani wa Baraza

Nyongeza: Nimekuwa nikiinakili barua hii kwa mwandiko mzuri zaidi, na leo ni Ijumaa. Margareta hakunisubiri. Jana alikwenda mahakamani kwa miguu, pamoja na majirani wawili waliomzika baba. Wakili wa kampuni alisema mpaka saa sita. Margareta alimwomba hakimu jambo moja tu, aende akalione kaburi. Hakimu akaenda, akasoma jina na mwaka kwenye saruji, akawasikiliza wale wazee wawili, na shamba limebaki letu. Benedikto, aliyekuwapo, anasema hakimu alimuuliza dada yangu kama hana ndugu mwanamume wa kumsaidia. Akajibu, "Ninaye kaka, bwana. Ila anaandika barua ya kwenda London."