Joto la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jumatatu, tarehe 9
Balaa! Mama mkwe anakuja Ijumaa. Treni inaingia saa saba mchana, na mke wangu ameshaahidi kwamba nitampokea mwenyewe. Tatizo: tangu siku za uchumba mama mkwe anaamini mimi ni mkuu wa ofisi, mtu anayetoka kazini apendapo. Ukweli: ni karani wa masjala, natunza majalada ya mita za maji. Nisipotokea stesheni nimeumbuka. Nimeomba ruhusa kwa Mkuu. Akafungua faili langu, akasema mwaka huu nimeshamzika bibi yangu mara tatu, sasa nimwache marehemu apumzike. Hana huruma kwa wafiwa.

Jumanne, tarehe 10
Nimepata! Kitabu cha kanuni za kazi, Kiingereza kitupu, hakuna anayekisoma. Ukurasa wa kumi na tisa: siku ambayo joto ni sweltering, wafanyakazi watatoka saa sita mchana. Mbio kwa Mkuu. Akauliza hilo ni joto la namna gani. Nikasema kali mno. Rula akadakia. (Karani mwenzangu huyu tunamwita Rula kwa kuwa hupigia mstari kila kitu, hata salamu za sikukuu.) Eti kali mno ni hot tu, na kama hot inatosha basi ofisi ingefungwa tangu Januari. Kidomodomo! Mkuu kaagiza nilete maana kamili kesho.

Jumatano, tarehe 11
Nimeazima kamusi kwa jirani yangu mwalimu. Raha iliyoje! Scorching ni joto la jua, linalochoma na kukausha. Boiling husemwa na mtu anayepiga chuku. Sweltering ni joto lenye unyevu, linalomlowesha mtu jasho na kumlegeza viungo. Nikasoma mbele ya ofisi nzima kwa sauti ya hakimu. Rula, kwa kutaka kujionyesha, akasema basi chai yake leo ni sweltering. Nikamsahihisha polepole, wote wasikie: chai haiwi hivyo. Hali ya hewa, chumba, au mtu aliyevaa koti, hapo sawa. Uso ukamshuka. Nilikaribia kucheka kwa sauti. Nilicheka kwa sauti.

Kosa! Rula akapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha, akatangaza kwamba ni kikavu, hakina unyevu. Joto la wiki hii, kwa maelezo yangu mwenyewe, ni scorching, na scorching haimo kwenye kanuni. Mkuu akakubali. Mdomo umeniponza.

Alhamisi, tarehe 12
Unyevu ukikosekana, hutengenezwa. Nimeficha birika la umeme nyuma ya kabati la majalada. Nikalijaribu wenzangu walipokwenda kula. Dakika ishirini, miwani yangu yote ukungu. Safi! Nimetangaza kwamba kesho madirisha yafungwe kwa sababu ya vumbi. Rula akaniangalia kijicho pembe. Nyumbani mke wangu kanipigia pasi shati la stesheni, akasema mama yake ananisifu kwa majirani wote. Nimeona aibu kidogo. Ikapita.

Ijumaa, tarehe 13
Saa tatu birika linachemka. Saa nne shati la Mkuu limemganda mgongoni. Saa tano mpiga chapa anajipepea kwa barua ya wizara. Nikalegea kitini, nikateremka sakafuni taratibu nisichafue suruali. Mkuu akafuta jasho, akanipa pole, akatamka kwa ukali: sweltering! Makofi ofisi nzima. Mkoba nilikuwa nimeshaushika.

Ndipo Rula akafungua kabati. Mvuke umebandua lebo zote! Majalada mia tatu na kumi, uchi. Mkuu hakuuliza chanzo. Alisema tu kwamba jalada lisilo na lebo ni yatima, na mlezi wake ni karani wa masjala. Wengine waende, mimi na gundi mpaka saa kumi na moja. Nikaeleza habari za mama mkwe, nusura nilie. Rula, kwa upole wa kutisha, akasema nisijali. Yeye yuko huru, atampokea.

Jumamosi, tarehe 14
Alimwambia kila kitu isipokuwa cheo changu, yule mnafiki! Kwamba mkwewe kabaki masjala, gundi mpaka kwenye nyusi. Nilipofika nyumbani jana mama mkwe alikuwa ameketi, mkono shavuni. Akaniuliza ni mkuu gani huyo anayebandika lebo huku wadogo wake wamekwenda kupumzika. Mke wangu akatazama dari. Ukweli ulishafika kwenye ncha ya ulimi, naapa. Nikamwambia kwamba mkuu wa kweli hubaki yeye kwenye joto ili watoto wa watu wakapumzike. Mama wa watu akatokwa na machozi. Akasema binti yake amepata mume, na kwamba Jumatatu, kabla ya treni ya kurudi, lazima apite ofisini anione kwenye kiti changu.

Hakuna neno. Yeye atafika saa mbili. Mkuu huingia saa tatu, na ufunguo wa chumba chake najua unapokaa. Saa nzima! Sasa kilichobaki ni kidogo tu: kumshawishi Rula abishe hodi na kuniita bwana mkubwa.