Miyenzi ya Barazani

Hilaire alikuwa akipeleka maziwa kwenye shamba la pareto, juu kidogo ya Masisi, alipomkuta Madame Léontine, mke wa mwenye shamba, ameinamia vyungu vyake barazani, akilinganisha mimea na michoro ya kitabu. Madame alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke Ulaya na, kwa kuogopa matope, hakuwahi kushuka ngazi za baraza. Hilaire aliliona hilo kabla hajaweka maziwa chini.

Kesho yake alileta kijiti cha kijani ndani ya kopo.

"Jina yake?" Madame akauliza.

"Haina jina, Madame. Inatoka mu pori ya Walikale, siku tatu kwa miguu. Angalia: haina majani. Matawi iko kama vidole. Ukivunja, inatoa maziwa." Akavunja, utomvu mweupe ukachuruzika. "Usiweke mu macho. Inapofusha."

Hilo la mwisho lilikuwa la kweli, na Hilaire hakulidai malipo.

Kilikuwa kijiti cha miyenzi. Pale Masisi kila mtu huizungushia shamba lake, na ilipo miyenzi ndipo ulipo mpaka. Wazee hawaulizi karatasi.

Madame hakukiona kitabuni. Akampa Hilaire koti la bwana wake, akaomba aina nyingine, zenye mizizi. Hilaire akaleta chenye ncha nyekundu, kilichokulia juani. Kisha chembamba, cha kivulini. Kisha kinene, cha karibu na zizi. Madame alivipima kwa rula, akaandika aina nne. Wanawake wenzake wa Goma wakaagiza pia. Viatu vikaja, na blanketi, na chumvi.

Vyote Hilaire aliving'oa kwenye mpaka wake na jirani yake Sebarenzi, upande wake mwenyewe. Kung'oa vya wengine ni wizi, naye aliheshimu mali za watu.

"Kaka, na hii?" Sebarenzi alimwambia siku moja. "Iko na kichwa kama ya muzee. Mu kitabu yake haiwezi kuwa."

"Weye uko na macho, kaka!"

Sebarenzi akamshikia hata jembe.

Ulipong'oka muyenzi wa mwisho, Sebarenzi alilima maharagwe hadi ukutani kwa Hilaire, akaitwaa migomba yote ya Mukagasana, mke wa Hilaire. Mukagasana akawaita wazee.

"Miyenzi iko wapi?" akauliza mzee Kanyamibwa.

"Iling'olewa," Hilaire akasema.

"Na nani?"

Katika watu waliosimama kutazama alikuwemo Albert, mpishi wa Madame. Aliyemdanganya Mzungu alikwenda gerezani, na njia ya kwenda huko ilipitia mdomoni mwa Albert.

"Sema tu, kaka," Sebarenzi akasema kwa upole. "Twende wote kwa Madame. Miye nitakuwa shahidi wako."

Hilaire akawaza gereza, akawaza migomba.

"Pengine," akasema, "haikukuwa miyenzi hapa."

"Ati nini?" Mukagasana akamgeukia. "Basi ile koti ndiyo tutapika leo?"

Wazee wakaamua kwa walichokiona: maharagwe ya Sebarenzi hadi ukutani.

Asubuhi iliyofuata Sebarenzi alitaka kupanda mpaka mpya, na vijiti vya karibu visivyo mpaka wa mtu vilikuwa barazani kwa Madame. Madame alifurahi mno kumpata mtu wa hapa anayependa mimea adimu. Alimpa kila aina, akamsihi asizichanganye.