Kitu Namba Saba

Idara ya Forodha ina fahari kuutangazia umma kwamba, tangu Waraka wa Marejeo ulipoanza kutumika, hakuna kitu kilichotoka nchini kwa muda ambacho hakikurudi. Zamani vitu vilirudi kwa sababu wenyewe walivitaka. Siku hizi vinarudi kwa mujibu wa kifungu. Tofauti ni kubwa, ingawa haionekani kwa macho.

Mimi ni Mkaguzi wa Marejeo. Mfanyabiashara anayetaka kupeleka sampuli zake nje, azionyeshe, kisha azirudishe nyumbani, hupewa Hati ya Kutoka na Kurudi: kijitabu chenye ukurasa wa kijani wa kuondokea na wa njano wa kurudia. Mitaani wanakiita tiketi ya mizigo. Ndani yake kila kitu kina namba, maelezo, uzito na matumizi. Vikirudi, navilinganisha na maandishi. Vikilingana, napiga muhuri. Visipolingana, sipigi. Katika miaka kumi na minane sijapiga muhuri kwa huruma, wala kuuzuia kwa chuki.

Waraka aliuandika Mkurugenzi mwenyewe. Unasema kwamba vitu vya hati moja ni ndugu: kimoja kikikataliwa, vyote vinalala ghalani. Unasema pia kwamba anayeweza kusamehe kasoro ni Mkurugenzi peke yake. Lakini kifungu alichokipenda kuliko vyote ni cha kumi na mbili: mwenye hati akikitelekeza kitu kwa maandishi, kitu hicho kinakuwa mali ya Idara papo hapo, na vingine vinaachiwa. Kiti cha Mkurugenzi kilitelekezwa. Zulia lake lilitelekezwa. Saa yake ya ukutani ilitelekezwa na mzee mmoja aliyesaini huku machozi yakimdondokea kwenye karatasi, ikabidi tumpe fomu nyingine iliyo kavu.

Asubuhi hiyo alikuja dirishani kwangu fundi wa miguu ya bandia, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Miguu. Alikuwa amealikwa kwenye maonyesho ya vifaa vya tiba ugenini. Akaipanga kazi yake juu ya kaunta.

"Miguu sita," nikasema. "Ya kushoto mingapi?"

"Minne. Ya kulia miwili."

"Kwa hiyo ni jozi mbili, na mabaki mawili."

"Kaka, hii haiendi kwa jozi. Mtu akikatwa mguu, hukatwa mmoja. Akikatwa yote miwili ndiyo tunaongea jozi."

"Fomu inasema vitu vya miguuni viorodheshwe kwa jozi."

"Basi iambie fomu ije karakana kwangu ijifunze."

Nikaandika jozi mbili na mabaki mawili. Namba sita ulikuwa mguu wa kushoto wenye kifundo kinachokunjika. Haukuwa sampuli hasa. Ulikuwa wa shemeji yake, fundi cherehani, aliyeuvua asubuhi hiyo na kumwazima. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini, magongo yameegemezwa ukutani.

"Huo ndio bora wangu kuliko yote," Mama Miguu akanieleza. "Anaukanyagia cherehani kutwa nzima. Ugenini watataka kuona kifundo kinachofanya kazi, siyo maneno."

"Siku kumi, shemeji," yule wa benchi akasema. "Shule zinafunguliwa. Nina sare sitini na tatu za watoto wa watu, hata vifungo sijagusa. Ukiusahau huko, nitaufuata kwa kuruka."

"Nikiusahau, nitakuja kukushonea mimi."

"Bora niruke."

Nilikuwa nimeshika kalamu kufunga orodha wakati Mkurugenzi alipotoka ofisini kwake na kijarida cha maonyesho mkononi. Lazima nieleze kwamba siku hizo Serikali ilikuwa imepiga marufuku safari za nje za watumishi wa umma. Mkurugenzi alikuwa ameisoma marufuku hiyo kwa siku tatu mfululizo, mlango umefungwa.

"Marufuku inasema mtumishi," akaniambia. "Haisemi kitu. Andika namba saba."

"Namba saba ni nini, mzee?"

"Mimi."

Mama Miguu akamtazama kutoka juu hadi chini. "Mzee wangu, mimi naonyesha miguu."

"Nami ninayo miwili."

"Na nikikataa?"

"Hakuna anayekulazimisha, mama," Mkurugenzi akasema kwa upole. "Hati yako bado haijasainiwa, na mimi leo nina kazi nyingi."

Shemeji akakohoa kwenye benchi. Mama Miguu akaitazama miguu yake, akaitazama tarehe kwenye kalenda.

"Haya, mwandike," akaniambia. "Lakini andika vizuri, kaka. Nisije nikaulizwa mimi."

Nikaandika vizuri. Kwenye mizani ya mizigo, kitu namba saba kilikuwa na kilo themanini na moja. Nywele: mvi, na upara katikati. Meno: pengo moja juu, upande wa kushoto. Kilifungwa lakiri ya waya na risasi kama vitu vingine. Paji la uso alilikataa, kwa hiyo tukaifunga kwenye tundu la mkanda wa suruali ya kahawia. Nilipofika kwenye safu ya matumizi nikasita. Mkurugenzi akaninyang'anya kalamu, akaijaza kwa mkono wake. Kisha akasaini hati yote, na jioni wakapaa.

Walirudi siku ya kumi, Ijumaa mchana. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na ghala letu hufungwa Ijumaa saa kumi. Shemeji alikuwa ameshafika, kwenye benchi lile lile.

Nilikagua miguu mmoja mmoja. Ililingana kwa gramu. Mama Miguu hakumruhusu mgeni yeyote kukanyagia namba sita. Aliuchezesha kwa mkono wake tu. Kisha nikaita namba saba.

Kikapanda mizani. Kilo themanini na tisa.

"Chakula cha hotelini," Mkurugenzi akasema.

Nywele zilikuwa nyeusi kama kiwi ya viatu. Pengo halikuwepo; mahali pake paling'aa jino jipya. Suruali ilikuwa ya bluu.

"Lakiri iko wapi, mzee?"

"Kwenye ile suruali ya zamani."

"Suruali iko wapi?"

"Niliitupa. Ilikuwa haifungi tena."

Nikafunga kalamu. "Kitu namba saba hakilingani na maelezo. Vitu vyote saba vitakwenda ghalani."

Mama Miguu akashika kaunta kwa mikono miwili. "Kaka, mguu wa shemeji una kosa gani? Umeupima mwenyewe!"

"Hauna kosa. Una ndugu."

"Mpuuzi wewe!" Mkurugenzi akanguruma. "Nasamehe kasoro! Lete hapa nisaini!"

"Kitu hakiwezi kusaini hati yake chenyewe, mzee. Kifungu cha tisa. Ukisema wewe si kitu bali ni mtumishi, nitakupa kalamu mara moja, pamoja na fomu ya kukiri safari iliyopigwa marufuku. Ninazo zote mbili hapa."

Akafungua mdomo. Jino likang'aa. Akaufunga.

Saa tisa na dakika arobaini. Wachukuzi walikuwa wamekwishaleta toroli.

"Shemeji," yule wa benchi akasema kwa sauti ya chini, "nimejaribu kukanyagia gongo. Nimeshona mkono mmoja wa shati. Umekwenda upogo."

Macho ya Mama Miguu yalikuwa kwenye saa ya ukutani, iliyoonekana kupitia mlango wa ofisi ya Mkurugenzi uliokuwa wazi, kisha zulia, kisha kiti.

"Kaka," akaniuliza, "vile vitu mlivipataje?"

Niliulizwa swali kuhusu utaratibu, nikajibu kama inavyonipasa. Nikamsomea kifungu cha kumi na mbili, chote, taratibu.

"Kwa hiyo mwenye hati ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na namba saba ni yangu?"

"Kwa maandishi."

"Mama," Mkurugenzi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "mama yangu, tuongee kidogo pembeni."

"Bidhaa yangu haijawahi kuniongelesha," Mama Miguu akasema. "Lete hiyo fomu, kaka."

Alisaini bila kudondosha chozi, hivyo fomu moja ilitosha. Nikapiga muhuri kwenye ukurasa wa njano. Shemeji aliufunga mguu wake palepale kwenye benchi, akapiga hatua mbili za majaribio, kifundo kikakunjika kama inavyotakiwa. Walipofika mlangoni nilimsikia akiuliza, "Hata hukumfikiria?" na yeye akamjibu, "Nimefikiria vifungo." Jumatatu asubuhi, nikienda kazini, nilipishana na watoto wengi waliovaa mashati mapya. Sikuhesabu, maana haikuwa kazi yangu.

Kitu namba saba kiliwekwa rafu ya pili, kati ya jenereta na katoni za taa. Waraka hautoi ruhusa ya kukiacha kiende nyumbani, ila mke wake huruhusiwa kukikagua kila Jumapili, akiwa na kitambulisho. Kinalishwa, kinapimwa kila wiki, na uzito unapungua, jambo linaloleta matumaini lakini limechelewa. Kwa kuwa Idara haiwezi kukaa bila kichwa, nilikaimishwa. Saa ya ukutani nimemrudishia yule mzee. Kiti nakikalia mpaka mwenyewe apatikane.

Siku tisini za kukaa ghalani zilipotimia, dalali wa Serikali alikuja kuandaa mnada. Alikizunguka kitu namba saba mara mbili, akakigonga begani.

"Na hiki," akaniuliza, "kinafanya kazi gani?"

Sikutaka kukisia. Nikafungua hati, nikamsomea safu ya matumizi, iliyojazwa kwa mwandiko wa Mkurugenzi mwenyewe:

"Kwa maonyesho tu. Si kwa kazi."